Sinema Isiyo na Mkanda wa Mwisho

Kwa ambao hawakuishi Kampala miaka ile, nianze na jambo dogo la ufundi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sinema nzima haikai katika kopo moja. Hugawanywa vipande, kila kipande kikazungushwa kwenye gurudumu lake, na kila gurudumu likawekwa katika kopo lake la bati, bapa na la duara kama sinia. Ukumbi wenye mashine mbili huviunganisha vipande hivyo bila mtazamaji kujua. Ukumbi wenye mashine moja huwasha taa kila kipande kinapoisha, na watu hukaa wakitafuna karanga mpaka fundi afunge kingine. Ukumbi wetu ulikuwa na mashine moja. Sinema ya watoto iliyokuwamo ilikuwa ya vipande vitano. Sisi tulikuwa na vinne.

Mwenye ukumbi alikuwa Mhindi. Aliondoka na wenzake pale serikali ya wanajeshi ilipowafukuza, na ukumbi akapewa kapteni mmoja, kama wengine walivyopewa maduka ya vitambaa na mashine za kusaga. Kati ya siku Mhindi alipofunga mlango na siku kapteni alipoufungua, watu waliingia wakabeba walichoweza. Viti vya mbele vilibebwa. Mapazia yalibebwa. Kopo la tano lilibebwa pia, na mimi na fundi tulikuja kuliona baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi pale, mtaani Kisenyi kwa mama mmoja muuza mandazi, limefunika karai lake.

Fundi wa mashine, mzee aliyefanya kazi kwa Mhindi tangu ujana wake, alichuchumaa mbele ya yule mama kama mtu anayeomba posa, akimwita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, ndani ya kopo hili kulikuwa na kitu."

"Ile nyeusi ndefu?"

"Ndiyo, nyabo. Ile."

"Watoto walikata, wakajifunga kichwani wakicheza harusi. Mzee, unanunua mandazi au hununui?"

Alinunua. Tulikula njiani.

Sinema yenyewe ilikuwa ya familia, ya kigeni, ya kuchekesha zaidi ya kutisha. Watoto watatu wanapelekwa kwa shangazi yao wakati wa likizo. Shangazi ana chumba kilichojaa vitabu, na ana amri moja tu: kitabu hakisomwi bafuni. Yule mdogo wao anasomea bafuni. Kitabu cha hadithi kinatumbukia majini, na kadiri kurasa zinavyolowa, walioandikwa ndani wanaanza kutoka, mmoja mmoja, wakichuruzika maji juu ya zulia la shangazi. Linatoka jitu linaloogopa giza. Anatoka mwizi wa kengele. Anatoka mfalme asiye na nchi. Anatoka mwokaji mikate, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Kila anayetoka anaacha doa jeupe ukurasani, lenye umbo lake. Wanacheza na watoto, wanavunja vyombo, wanamtoroka shangazi. Lakini kitabu kimeanikwa dirishani, na kikikauka kabla hawajarudi, ukurasa unajifunga. Aliye nje anabaki nje, na hakuna atakayekumbuka kwamba aliwahi kuwamo.

Kipande cha nne kinaisha hapo. Mwokaji amesimama ukingoni mwa kitabu, mguu mmoja umeinuliwa, upepo unafunua kurasa zilizokaribia kukauka. Halafu mkanda unakatika, na kitambaa cha ukutani kinabaki cheupe.

Mara ya kwanza watoto walidhani umeme umekatika, wakangoja. Walipoambiwa basi, imekwisha, wakarusha maganda ya karanga. Wengine walikataa kutoka. Mtoto mmoja wa Kawempe alishika mguu wa kiti, ikabidi abebwe na kiti chake mpaka mlangoni. Kapteni alikasirika, maana kulikuwa hakuna sinema nyingine. Mikanda mipya ilikuwa haiji tena, kama sabuni na vipuri vya magari vilivyokuwa haviji. Juu ya hayo, ile taa ndogo inayosoma sauti kwenye mkanda iliungua, na taa ya namna ile haikupatikana nchi nzima. Sasa sinema ilikuwa haina mwisho na haina sauti.

Ndipo kapteni akaja shuleni kwetu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kisenyi. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa Mwingereza, mjukuu wa askari waliotoka Sudani, na nyumbani tulilelewa kwa Kinubi na kwa Kiswahili cha kambini alichokipenda kuliko lugha zote. Kiingereza nilikipata shuleni. Mtu alimwambia kapteni habari hizo. Alisimama mlangoni mwa darasa, watoto wote wakasimama pia.

"Mwalimu, wewe najua Kizungu, najua Kiswahili. Utaeleza watoto sinema."

"Afande, mimi nina darasa."

"Jumamosi hakuna darasa. Jumamosi kuna mimi." Akacheka. Nami nikacheka, kama mtu anavyocheka akikanyagwa na mkubwa.

Nikaanza. Maonyesho yalikuwa Jumamosi alasiri tu, kwa sababu jua likishazama hakuna mzazi aliyemtoa mtoto nje. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kitambaa, na kipaza sauti cha betri ambacho kapteni alikitoa sijui wapi. Sinema niliwahi kuisikia mara kadhaa kabla sauti haijafa, kwa hiyo maneno niliyajua. Jitu nililitilia sauti nzito inayotetemeka, shangazi nikampa sauti ya mkuu wetu wa shule, watoto wakamtambua mara moja. Fundi wa mashine aliniinamia sikioni siku ya kwanza akasema, "Huyu mfalme asiye na nchi, mwanangu, mwite babu mwenye kofia. Nchi hii imekwisha kuwaondoa wafalme wake, tusitafute maneno." Nikamwita babu mwenye kofia. Hakuna mtoto aliyelalamika.

Nilikuwa na desturi yangu, ileile ya darasani. Taa zikiwashwa fundi abadilishe kipande, sikuwaacha watoto bure. Niliuliza: nani ametoka kitabuni? Nani bado yumo? Kwa nini mwizi anaiba kengele na hawezi kuzipiga? Aliyejibu vibaya sikumcheka, nilimwambia umekaribia, hebu fikiri tena. Na kwa wale waliorukia maswali kabla sijamaliza, nilisema: "Sikilizeni kwanza. Asiyeelewa ataelezwa polepole mpaka aelewe." Nimefundisha miaka mingi, na bado naamini hakuna mtoto asiyeweza kuelewa. Kuna mwalimu aliyechoka tu.

Mwisho wa hadithi niliutunga mwenyewe. Mkanda ulipokatika na kitambaa kuwa cheupe, fundi aliiacha taa ya mashine ikiwaka, nami nikasimama ndani ya ule weupe na kusema kwamba yule mtoto mdogo, aliyeharibu, ndiye aliyepata akili: alichukua birika la shangazi akamwagia kitabu maji tena. Kurasa zikafunguka. Kisha niliwaita mmoja mmoja.

"Jitu linaloogopa giza?"

Ukumbi mzima: "Limeingia!"

"Mwizi wa kengele?"

"Ameingia!"

"Babu mwenye kofia?"

"Ameingia!"

Mpaka mwokaji, ambaye nilimweka wa mwisho kila mara, na kwa ajili yake walipiga kelele mpaka popo wakatoka darini. Kisha walikwenda nyumbani wakiwa wameshiba. Kapteni aliona hayo akiwa amesimama nyuma karibu na mlango, na baada ya hapo ukumbi ulijaa kila Jumamosi. Watoto wa kambini na wa Kisenyi walibanana kwenye mabenchi yaleyale. Mimi nililipwa sukari. Wakati ule sukari ilikuwa haionekani dukani. Aliyekuwa nayo aliificha chini ya kitanda kama mali ya wizi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa fundi wa magari katika gereji ya Kisenyi. Alikuwa mtu wa mzaha mwingi na subira kidogo. Alikuja mara mbili tatu kunisikiliza, akakaa nyuma na mikono yake ya mafuta, na njiani kurudi akanitania.

"Dada, yaani unapewa sukari kwa kudanganya watoto juu ya kitambaa kitupu?"

"Siwadanganyi. Nawamalizia hadithi."

"Kwani lazima wote warudi? Mimi yule mwokaji ningemwacha huku Kisenyi. Tupate mkate."

"Na wewe ungemlipa nini?"

"Ningemuoa!"

Mama, aliyekuwa anatutangulia na kikapu chake, akasema bila kugeuka, "Muoe. Atakukanda vizuri, una mifupa mitupu."

Mkubwa mmoja wa jeshi alileta gari lake gerejini. Kipuri kimoja kilihitajika na hakikuwepo mjini. Mdogo wangu alikitafuta, akakichonga kingine kwa mkono kutoka kwenye chuma cha zamani, na gari likatembea. Mkubwa alipokuja kulichukua akasema kipuri chake cha asili kimeibwa na kuuzwa. Mdogo wangu akamwonyesha kile kilichovunjika. Wenzake gerejini wanasema alimwonyesha kwa upole kabisa, akamweleza kilivyovunjika na kwa nini. Wale vijana wawili aliokuja nao, wenye miwani myeusi, walifungua buti la gari lilelile alilolitengeneza, wakamtia ndani, wakaondoka. Gari halikusumbua. Liliwaka mara moja.

Sasa niwaeleze tulivyoishi na jambo kama hilo. Mtu aliyechukuliwa hakuitwa amechukuliwa. Ukisema amechukuliwa, unasema kuna aliyemchukua. Hakuitwa amekufa pia, kwa kuwa ukimlilia umekwisha kuihukumu serikali, na msiba ulikuwa na wasikilizaji wake. Jirani alipouliza, "Kijana yuko wapi siku hizi?" ulijibu, "Amesafiri." Naye akajibu, "Mungu amrudishe salama," kwa sauti ya kawaida, akaendelea kuuliza bei ya ndizi. Mji mzima ulijua maana yake. Kulikuwa na nyumba pale Kisenyi ambazo wanaume wote walikuwa wamesafiri, na viatu vyao vilikuwa mlangoni.

Mama hakutaka neno hilo. Alitaka mwanawe. Akaniambia, "Wewe unafanya kazi kwa kapteni. Muulize."

Nikamuuliza. Nilichagua Jumamosi, baada ya watoto kuondoka, nikiwa nimeusimulia mwisho vizuri kuliko siku zote. Nilimweleza kwa utaratibu: jina, gereji, gari, siku. Kapteni alinisikiliza akifuta viatu vyake kwa leso.

"Huyo ni ndugu yako kabisa? Mama moja, baba moja?"

"Mama mmoja, baba mmoja, afande."

"Nitauliza hiyo mambo. Lakini haya mambo nakwenda polepole. Wewe endelea na kazi. Watoto napenda wewe sana."

Akanipa sukari, na siku ile ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Niliibeba nyumbani kama ushahidi. Mama akaipima kwa mkono, akasema, "Mtu hatoi hivi kama hana habari njema." Tukaishi juu ya maneno hayo.

Baada ya hapo kila Jumamosi ilikuwa na mambo mawili: sinema, na jibu la kapteni. "Nimeuliza." "Nimemwona mtu anayejua mtu." "Yuko mahali, nasema yuko hai, lakini mkubwa wake amesafiri." Na mimi nilisimama kwenye ule mwanga mweupe nikiwaita wale waliolowa warudi kitabuni, nikaanza kuifanya kazi ile kama dua. Mtu mwenye elimu yangu nilianza kuamini kwamba mwokaji akiingia vizuri, bila sauti yangu kukwaruza, basi Jumamosi ile jibu litakuwa zuri. Niliongeza maneno. Nilimpa mwokaji wimbo. Nilimpa mtoto birika la pili, endapo maji ya la kwanza hayatatosha. Kapteni alifurahi. Akaleta wakubwa wenzake na watoto wao.

Binti yake alikaa daima benchi la mbele kabisa, karibu na kigoda changu. Alikuwa msichana wa miaka minane au tisa, mwembamba, viatu vyake vimepakwa rangi kama vya baba yake. Hakupiga kelele kama wenzake. Alikuwa wa wale wanafunzi ambao kila mwalimu anamwomba Mungu ampe mmoja: asiyerukia jibu, anayekaa nalo mdomoni mpaka aone kwamba ni lake kweli. Taa zikiwashwa alinijia kigodani na maswali. Kwa nini jitu halilali na taa? Shangazi hakuwahi kuingia kitabuni mwenyewe? Nilimjibu yote. Wakati mwingine alirudi Jumamosi iliyofuata kuniambia jibu langu halikutosha, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Siku ninayoielezea, kipande cha tatu kilikuwa kimeisha. Fundi alikuwa juu akihangaika na mkanda uliochanika. Watoto walikuwa wanasukumana. Binti akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama anayesoma shairi darasani.

"Mwalimu, nataka kukueleza kitu."

"Nieleze."

"Usikilize kwanza. Usiulize mpaka nimalize."

Nikatabasamu, kwa sababu maneno yalikuwa yangu. "Haya, nakusikiliza."

"Ndugu yako hayuko safari. Alikufa. Alikufa siku ileile waliyomchukua. Baba alimwambia mama tukiwa tunakula. Mama akasema, basi mwambie mwalimu wa watu. Baba akasema, nikimwambia, nani ataeleza sinema?" Akanitazama usoni kwa makini. "Nimesema haraka?"

Nikaweka kipaza sauti chini.

"Nitarudia polepole," akasema. "Ndugu yako..."

"Hapana. Nimeelewa."

"Wewe ulisema asiyeelewa ataelezwa. Kila Jumamosi nakuona unamuuliza baba tena. Nikasema, mwalimu bado hajaelewa."

"Umefanya vizuri," nikamwambia. Nataka msomaji ajue kwamba nililisema hilo, na kwamba nililimaanisha. Kisha nikamuuliza, "Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Baba anajua kwamba umeniambia?"

Akatikisa kichwa. Hapo kwa mara ya kwanza akaogopa, akageuka kutazama mlangoni, ambako kapteni alikuwa amesimama mahali pake, akizungumza na mkubwa mwenzake, wanacheka. Nikamshika bega nikamgeuza. "Kaa mahali pako. Sinema inaendelea."

Taa zikazimwa. Kipande cha nne nilikieleza chote. Sijui nilisema nini, lakini watoto walicheka penye kucheka. Mwokaji akasimama ukingoni, akainua mguu. Mkanda ukakatika. Kitambaa kikawa cheupe, nami nikaenda kusimama katikati yake, nikiwa na ukumbi mzima mbele yangu na kapteni nyuma yake.

Wengi wameniuliza baadaye kwa nini sikunyamaza, au kwa nini sikumwacha mwokaji nje siku ile, watoto wajue ukweli wa mji wao. Wanaouliza hivyo ni watu wazuri, na ningependa waendelee kuuliza. Lakini kapteni hakuwa mjinga. Ningetetemeka, angejua kwamba nimeambiwa. Angejiuliza ni nani aliyekuwa mezani alipokuwa anasema. Na ni mtoto mmoja tu aliyekuwa akija kigodani kwangu.

"Jitu linaloogopa giza?"

"Limeingia!"

"Mwizi wa kengele?"

"Ameingia!"

Niliwaita wote. Niliuimba wimbo wa mwokaji mpaka mwisho. Nilimwaga mabirika yote mawili. Ukumbi ulipopiga kelele kwamba ameingia, benchi la mbele mtoto mmoja hakufungua mdomo. Alikuwa ananitazama, uso umekunjamana, kama mwanafunzi anayeona mwalimu wake anaandika ubaoni jibu ambalo wote wawili wanajua ni kosa.

Kapteni alinijia mlangoni. "Leo umeimba sana, mwalimu. Ile habari yako bado nauliza. Wiki ijayo labda."

"Asante, afande," nikasema. Nikapokea sukari.

Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage. Alitazama kifuko, kisha uso wangu.

"Amesema nini?"

"Yeye amesema wiki ijayo. Lakini binti yake amesema amekufa. Siku ileile."

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa. "Mtoto ndiye aliyesema?"

"Mtoto."

"Basi amekufa," akasema. "Mtu mzima angetuambia uongo." Na akamaliza yale maharage yote kabla hajainuka kwenda chumbani na kufunga mlango.

Tulihitaji hitima. Kwetu maiti akikosekana, dua haikosekani. Mtu lazima asomewe, watu wale, jina lake litajwe mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Lakini msiba bila maiti, wa kijana aliyesafiri, ungefika kambini kabla sufuria haijachemka, na huko wangeuliza tumejuaje. Ni jirani yetu wa ukuta mmoja aliyepata njia. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na akika yake, karamu ya kumchinjia mtoto na kumpa jina, ilikuwa haijafanyika, kwa kukosa mbuzi. Alikuja na mtoto mgongoni, akasimama jikoni kwetu.

"Mama, nasikia mna sukari," akasema. "Mimi nina mtoto. Tufanye akika hapa kwenu, uwanja wenu ni mkubwa."

Mama akapangusa mikono. "Akika ya nani?"

"Ya mtoto wangu," akasema jirani. "Na ya wako."

Wenzake wa gerejini walileta mbuzi. Shehe alielezwa, akafumba macho, akasema akika ni sunna na hakuna anayekatazwa kuwaombea waliotangulia akiwa kwenye akika. Watu walikuja kwa nguo za sherehe, kwa kuwa nguo za msiba zingetusaliti. Wanawake walipiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, na naomba nisisikie tena. Vilianza kama vigelegele na kuishia mahali pengine, na kila kimoja kilipoelekea huko mtu alikohoa au kuangusha sahani. Vijana wa gerejini walisimama uwanjani wakipongeza, "Hongera, Mama, hongera," wakamshika Mama mkono kwa mikono miwili na hawakuuachia haraka. Zilisomwa sura zilezile ambazo zingesomwa. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi. Tuliimimina sukari yote ya kapteni, hatukutaka ilale nyumbani.

Kisha shehe akamchukua mtoto mikononi, akamwadhinia sikioni, na akauliza anaitwa nani. Jirani akalitaja jina la mdogo wangu.

Hatukuwa tumekubaliana hivyo. Nilijua alikuwa amemchagulia mwanawe jina la baba yake mzazi, tangu mimba. Shehe akalirudia jina kwa sauti, kama inavyotakiwa, ili kila aliyepo alisikie, na uwanja mzima ukalirudia. Lilikuwa halijatamkwa pale nyumbani kwa sauti tangu siku ya buti. Ndani, wanawake waliacha kukohoa. Kwa kuwa ni desturi kwa mama kulia mtoto wake anapopewa jina, jirani alilia, na wanawake wote wakapata ruhusa.

Kapteni alisikia kwamba kwetu kulikuwa na sherehe. Jumamosi iliyofuata aliniuliza kulikoni, nikamwambia akika ya mtoto wa jirani. Akasema, "Vizuri, vizuri, watoto ni baraka," akanipa kitambaa nimpelekee. Niliendelea kusimulia mwisho wa sinema ile mpaka mkanda wenyewe ukachakaa kiasi cha kukataa kupita kwenye mashine. Ningeacha mapema, angeuliza sababu. Na kila Jumamosi nilimuuliza kuhusu ndugu yangu, maana ningeacha kuuliza pia angejua. Binti aliendelea kukaa benchi la mbele, lakini hakuja tena kigodani. Aliponisikia namuuliza baba yake, aliinamisha kichwa. Nadhani aliniona mwanafunzi mzito kuliko wote.

Mtoto wa jirani alikua. Alikuwa mtundu, mpanda kuta, na jioni mama yake alisimama nje akamwita kwa jina lake lote arudi ndani kabla giza halijaingia. Aliita tena na tena, kama wanavyoita akina mama wa Kisenyi, mpaka uchochoro mzima ukajua nani hajarudi nyumbani. Tulikuwa tumelipatia jina mahali pa kutajwa. Jirani alitupa kilicho kikubwa kuliko mbuzi, na Mama alimshukuru mpaka siku ya kufa kwake.

Lakini Mama mwenyewe hakumwita mtoto yule kwa jina hilo hata mara moja. Alimwita "wewe." Na jioni, sauti ya jirani ilipoanza kule nje, Mama aliacha alichokuwa anafanya, akainuka, akafunga dirisha.